Jiko la Kaya Kumi na Mbili

Jumatatu, 4 Machi

Nimechaguliwa kuwa kiongozi wa timu nikiwa chooni. Nilitoka darasani dakika tano tu, nikarudi nikakuta jina langu limeshaandikwa ubaoni, na wenzangu watatu wananitazama kwa upole ule wa watu waliomtupia mwenzao mzigo. Mhadhiri akasema, "Hongera, Kiongozi," na tangu hapo hakuna aliyeniita kwa jina langu.

Kazi yenyewe ni hii. Nyuma ya soko kuna nyumba moja ndefu ya vyumba vya kupanga: kaya kumi na mbili, koridoo moja, na ukuta wa nyuma umepasuka kiasi cha kupitisha mkono. Manispaa itaibomoa na kujenga nyingine papo hapo, ya bei ambayo wapangaji wataimudu. Timu tatu za wanafunzi zitashindana kuichora "kwa kushirikiana na wakazi," na mchoro utakaoshinda utajengwa kweli. Si kadibodi ya kuwekwa juu ya kabati. Watu watahamia humo. Mhadhiri alilirudia hilo neno, kweli, mara tatu.

Timu yangu ndiyo hii. Injinia anasoma uhandisi, ni mtu wa miraba minne, na jibu lake kwa kila swali duniani ni "inategemea." Msanii anachora kama aliyezaliwa na penseli mkononi, na hajawahi kufika popote kwa wakati. Dodoso anasoma sosholojia, na jina hilo amelipata kwa mafurushi ya maswali anayotembea nayo kwapani. Mungu anisaidie.

Jumatano, 6 Machi

Mtu ametumia sufuria langu kwenye jiko la hosteli akaliacha na ukoko. Nimelisugua huku nasema kwa sauti maneno ambayo mwenye kusikia amesikia.

Jumatatu, 11 Machi

Leo tumekwenda kuiona nyumba. Ametuongoza ofisa wa manispaa ambaye tayari tumempa jina la Bwana Orodha, kwa sababu ana faili la kijani lenye majina ya kaya zitakazopewa vyumba vipya, na halimtoki kwapani. Akikaa analiweka mapajani. Nimeona wapangaji wanaliangalia faili kabla ya kumwangalia yeye.

Mwenyekiti wa wapangaji ni karani mstaafu, ana maneno ya kumtoa nyoka pangoni. Ametukaribisha kwa hotuba. Kisha tukapita chumba kwa chumba, Dodoso akiuliza maswali yake arobaini. Chumba namba saba anakaa mshonaji mmoja, mjane, mwanamke mfupi mwenye sindano tatu zimechomekwa kifuani kwenye blauzi. Wote wanamwita Mama Cherehani.

"Mama, ungependa nyumba mpya iweje?" Dodoso akauliza.

"Nzuri."

"Nzuri kivipi?"

"Nzuri tu, mwanangu. Mtakavyoona nyinyi. Nyinyi ndio mmesoma."

Kaya kumi na mbili, majibu kumi na mawili, na yote ni hilo hilo. Ni kama kutwanga maji kwenye kinu.

Kilichotuokoa ni koridoo. Saa kumi na moja wanawake wote walitoka na majiko yao ya mkaa, kila mmoja mbele ya mlango wake, wakaanza kupika, huyu akimtania yule, kicheko kikipanda na kushuka koridoo nzima. Msanii alisimama mdomo wazi. "Hii ndiyo roho ya nyumba," akasema. "Tukiwatenganisha tutakuwa tumewaua." Akachora palepale, amechuchumaa: jiko kubwa la pamoja katikati ya nyumba, paa limeinuka, mwanga unaingia toka juu, vyumba vimelizunguka. Ni mchoro mzuri kuliko wowote niliouona mwaka huu, na siwezi kusema nilimpinga. Nilimpiga bega kwa furaha.

Ijumaa, 15 Machi

Mvua. Msanii ametuma michoro kumi na mmoja, yote ina miti mikubwa na ndege. Kwenye kile kiwanja hakuna hata kichaka. Nimemuuliza ndege wamelipiwa na nani, akanuna.

Alhamisi, 21 Machi

Mkutano wa wakazi. Dodoso alibandika ukutani michoro mitatu: mmoja una jiko la pamoja, mmoja una majiko madogo, kila kaya na lake, na mmoja wa kupikia uani. Kila kaya ikapewa vibandiko vitatu vya rangi ibandike pale inapopapenda. Njia ya kisasa kabisa, alisema. Watu hawaoni haya kusema kwa vibandiko.

Bwana Orodha alikuwa amekaa kona, faili mapajani, na kabla hatujaanza alisema kwamba manispaa "imevutiwa sana" na jiko la pamoja. Mwenyekiti akatangulia. Vyake vyote vitatu akavibandika kwenye jiko la pamoja. Waliomfuata wakapanga foleni nyuma yake kama wanakwenda kuaga maiti, wakabandika hapohapo, vibandiko thelathini na sita, mpaka mchoro wenyewe hauonekani.

"Asilimia mia!" Dodoso aliandika kwa herufi kubwa.

"Asilimia mia haipo duniani," akasema Injinia. Hiyo ilikuwa sentensi yake ya kwanza iliyokamilika tangu muhula uanze, na hakuna aliyemsikiliza, mimi nikiwemo.

Ijumaa, 22 Machi

Mhadhiri ameliona jiko. Alivua miwani. Akasema miaka ishirini amekuwa akisubiri mwanafunzi atakayeyaangalia maisha ya watu kabla ya kushika rula. Sikumwambia tulikaa pale saa moja na nusu tu.

Jumanne, 2 Aprili

Sufuria tena. Safari hii na kifuniko kimepotea. Nimemaliza ubishi: sufuria, kisu na chumvi vyote vinakaa kwenye sanduku langu chini ya kitanda, na ufunguo nauvaa shingoni. Mwenzangu wa chumba anasema nimekuwa mchoyo. Yeye sufuria hana.

Jumamosi, 6 Aprili

Wazo la leo lilikuwa langu, kwa hiyo nisimlaumu mtu. Niliona wakazi hawazielewi ramani zetu, na mtu asiyeielewa ramani atajibu "nzuri" mpaka kiama. Basi tukaenda kwenye uwanja wa mpira wa shule ya jirani na magunia mawili ya chokaa, tukaichora nyumba nzima chini kwa ukubwa wake halisi. Kila ukuta ni mstari mweupe, kila mlango ni pengo. Jiko la pamoja katikati, mita sita kwa tano. Tulianza alfajiri, mpaka saa tatu mgongo wangu ulikuwa si wangu. Tukawaambia wakazi: njooni na vitu vyenu vichache, mviweke mahali mtakapoviweka siku mkihamia.

Walikuja wote, na mikeka, ndoo, viti, majiko yao ya mkaa. Mama Cherehani alikuwa wa kwanza. Aliingia kwa kupitia pengo la mlango, hakukanyaga mstari hata mmoja, mtu ungedhani kuta anaziona. Akafika jiko la pamoja na jiko lake la mkaa mkononi. Akasimama katikati, akatazama huku na huku, akaitikia kwa kichwa. Kisha akatoka upande wa pili, akaenda mpaka chumba namba saba, akalitua kwenye kona, kati ya kitanda na dirisha.

Nikadhani hajaelewa. Nikamfuata. "Mama, hapa ni pa kulala. Jiko ni pale."

"Nimeona, mwanangu. Zuri sana. Kubwa."

"Sasa mbona la kwako uko nalo chumbani?"

"Hili? Nimelitua tu."

Akaja wa namba nane. Akapita jiko la pamoja, akalisifu, akaenda kulitua la kwake chumbani. Akaja mke wa kinyozi, vilevile. Nilieleza mara ya pili kwa kipaza sauti. Mara ya tatu nilieleza kwa kutembea, nikiigiza mtu anayepika, jambo ambalo limewafurahisha sana watoto wa shule waliokuwa wanachungulia. "Tumekuelewa," wakaniitikia wote kwa adabu. Hakuna aliyenyanyua jiko lake. Saa sita mchana majiko kumi na mawili yalikuwa kwenye vyumba kumi na viwili, na ndani ya jiko la pamoja hakukuwa na kitu isipokuwa Msanii, amejishika kiuno.

Nilikuwa nimekasirika mpaka macho yananiuma. Injinia ndiye aliyenivuta pembeni. Alikuwa anahesabu kwenye kiganja.

"Wakiwasha mkaa kwenye chumba kile," akasema, "na dirisha lile dogo tulilowapa, na mlango wamefunga kwa ajili ya mvua, wanalala hawaamki."

"Inategemea?" nikamuuliza kwa kejeli.

"Hapana. Hii haitegemei."

Jumapili, 7 Aprili

Mvua imeifuta nyumba yote. Tumegombana kwenye simu kutwa. Msanii anasema watu wanahitaji kuelimishwa. Dodoso anasema data ni data. Nimezima simu.

Jumamosi, 13 Aprili

Nimekwenda peke yangu kupima upya chumba namba saba. Hicho ndicho kisingizio nilichojipa. Nilipomaliza mvua ikanishika, Mama Cherehani akanisogezea kigoda pembeni ya cherehani, yeye akakaa mlangoni, nusu ndani nusu nje, macho yake kwenye sufuria lililokuwa kwenye koridoo. Matone yalikuwa yanamwingia begani.

"Mama, ingia ndani, unalowa."

"Nikiingia, sufuria nimwachie nani?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Ndipo nikaangalia koridoo kwa mara ya kwanza kama koridoo. Kila mlangoni kulikuwa na mwanamke amekaa vilevile, anatazama sufuria lake. Hakuna aliyesogea hata hatua tatu.

"Lakini siku ile tulipokuja mlikuwa mnacheka wote," nikasema.

"Sasa mwanangu, miaka kumi na tisa ya kukaa hapa mlitaka tulie?"

Akachochea mkaa, akashusha sauti. "Hapa kila mtu anajua nimepika nini. Nikipika nyama, watoto wa watu wanasimama hapo, na mimi si jiwe. Nisipopika wanajua pia. Kesho yake mtu ananiletea kibakuli na ananiangalia kwa huruma. Nawapenda hawa. Huyu wa namba nane aliniuguza mwezi mzima, ananiosha kama mama yake. Ila nataka mlango. Nikipika nipike, nisipopika nisipike, iwe shauri yangu."

"Mbona hukusema? Tumekuuliza maswali arobaini."

Akaniangalia kama mtu anayepima kitambaa kama kitatosha. Akanieleza. Miaka iliyopita walikuja watu wengine na makaratasi, wakauliza hivyohivyo. Wakati huo chumba namba nne alikaa fundi viatu, mtu wa kusema ukweli. Akawaambia mchoro wao una choo mlangoni pa mtu, hataki. Mradi ule ukaenda kwenye nyumba ya mtaa wa pili, na wachache wa hapa wakachukuliwa waende kule. Siku orodha iliposomwa, jina la fundi viatu halikuwemo.

"Labda ni bahati mbaya tu," akasema. "Sisi hatukungoja kuuliza. Tangu siku hiyo mtu akija na karatasi, tunasema nzuri."

Kumbe muhula mzima wamekuwa wakitupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na walikuwa na haki. Nilifungua daftari. Akaliwekea kiganja.

"Usiniandike."

"Nitaandika 'mkazi mmoja.'"

"Watajua ni mimi. Wengine hapa hawana mdomo."

Jumapili, 14 Aprili

Asubuhi niliamka, nikavuta sanduku toka chini ya kitanda, nikafungua kufuli kwa ufunguo wa shingoni, nikatoa sufuria langu nikachemshe chai. Nilikuwa nimeshashika mlango wa jiko la hosteli ndipo nikasimama. Nilisimama pale kama dakika mbili, sufuria mkononi. Husemwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nimekilalia tangu mwaka wa kwanza na bado nimekwenda kuwachorea wenzangu kunguni kumi na wawili.

Tumekutana saa nne. Nimewaeleza wenzangu bila kumtaja mtu. Nimesema tuligawe lile jiko kubwa, kila kaya ipate jiko lake dogo lenye mlango. Injinia aliafiki kabla sijamaliza. Dodoso akafungua karatasi yake ya asilimia mia, akaikunja mara nne, akasema, "Naafiki."

Msanii hakuafiki, na lililonikera zaidi ni kwamba hakuwa mjinga. "Mhadhiri analipenda lile jiko, manispaa inalipenda," akasema. "Mkilitoa tunashindwa, na utajengwa mchoro wa timu ya pili, ule wa vyoo vinne kwa watu sitini. Mtakuwa mmemsaidia nani?"

Kura tatu kwa moja. Sijawahi kushinda kura nikajisikia hovyo namna hii.

Jumatano, 24 Aprili

Mvua. Msanii anafanya kazi yake yote na hasemi na mtu. Ndege wameondoka kwenye michoro.

Jumanne, 30 Aprili

Timu ya pili wameongeza choo cha tano. Wametembea chuo kizima kutangaza.

Ijumaa, 3 Mei

Naandika hili polepole nisiongope.

Jopo lilikaa kwenye ukumbi wa manispaa: Mhadhiri, Bwana Orodha na faili lake mezani, na mwenyekiti wa jopo, mama mmoja msanifu majengo mwenye sifa kubwa. Wakazi walikaa viti vya nyuma, wamevaa nguo zao za kutokea. Nilieleza mchoro. Nilipofika kwenye majiko madogo kumi na mawili, Mhadhiri alivaa miwani badala ya kuivua.

"Mlikuwa na jiko la pamoja," akasema mama wa jopo. "Limekwenda wapi?"

"Wakazi hawalitaki."

"Hapa nina ripoti yenu wenyewe. Asilimia mia wanalitaka."

"Walisema hivyo kwa adabu."

Ukumbi ukacheka kidogo. Mama yule hakuwa mbaya, aliuliza jambo la haki kabisa. "Basi wako hapa. Tuwaulize."

Mwenyekiti wa wapangaji akasimama, akafunga kifungo cha koti, akashukuru manispaa, akashukuru chuo, akashukuru jopo, akasema wao ni watu wa kushukuru kwa chochote na jiko la pamoja ni jambo la umoja. Nikauona ushindi unaniponyoka, na hasira ikanipanda mpaka masikioni. Na hapo nikafanya jambo ambalo sitajisamehe haraka. Niligeuka, nikanyoosha mkono.

"Mama Cherehani wa namba saba anaweza kueleza. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia."

Vichwa vyote vikageuka. Bwana Orodha akafungua faili, nadhani ili amjue tu ni nani. Akapitisha kidole kwenye ukurasa toka juu kushuka. Mama Cherehani alikitazama kile kidole mpaka kikasimama. Akainuka. Akavuta blauzi yake ikae sawa.

"Jiko la pamoja ni zuri," akasema. "Tunapenda kupika pamoja. Hawa watoto wamefanya kazi sana, msiwalaumu."

Akakaa. Hakuniangalia.

Jopo likatoka nusu saa, likarudi. Tumeshinda. Mchoro wetu utajengwa, kwa sharti kwamba jiko la pamoja lirudishwe mahali pa yale madogo, na sisi tumepewa mpaka mwisho wa mwezi kukamilisha michoro ya ujenzi. Watu wakapiga makofi. Dodoso alilia, sijui kwa lipi. Nilipewa mkono na watu wengi ambao sikuwaona sura.

Jumamosi, 4 Mei

Nimekwenda namba saba asubuhi. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilitaka kumwambia ameniaibisha. Nilimkuta anashona sare za shule, akanionyesha kigoda kwa kidevu.

"Mama, kwa nini?"

Cherehani iliendelea mpaka mwisho wa mshono. Akakata uzi kwa meno.

"Wewe ukikosea, unarudia mwaka," akasema. "Mimi nikifutwa jina, narudia nini?"

Nikasikia uso unawaka.

"Na nilikuambia usinitaje," akaongeza, bila ukali wowote, na hiyo ndiyo iliyonimaliza.

Nikamwomba radhi. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alinipa pindo la kitambaa nimshikie lisiburute chini, nikamshikia mpaka sare nne zikaisha. Maneno yote niliyoyapanga nilirudi nayo hosteli.

Alhamisi, 9 Mei

Tumekaa siku tatu na jiko la pamoja ambalo hakuna kati yetu anayeweza kulitazama. Injinia anarudia hesabu zake za moshi kama mtu anayesoma dua. Leo alinyanyua barua ya jopo, akaisoma, akaisoma tena.

"Sharti linasema jiko la pamoja lirudi," akasema. "Halisemi liwe na ukubwa gani. Na halisemi lolote kuhusu stoo."

"Stoo gani? Hatuna stoo."

"Ndiyo maana halisemi."

Tukatazamana. Kila kaya ina haki ya pa kuwekea vitu. Mita moja kwa mbili zinatosha, kando ya mlango wa mbele, mlango wake wenyewe na kufuli. Shida ilikuwa nafasi: tungeitoa wapi? Hakuna aliyethubutu kumtazama Msanii. Msanii akainuka, akaenda mezani, akachukua ufutio. Akaanza kulifuta jiko lake toka ukingoni kuingia ndani, taratibu, amenuna vilevile, mpaka likabaki mita tatu kwa mbili: pa sinki moja na watu wanne kusimama.

"Siku ile uwanjani nilisimama mle ndani nusu saa," akasema. "Hakuingia hata mtu mmoja kunisalimia."

Nimemnunulia chai. Amechelewa kuja kuinywa.

Ijumaa, 17 Mei

Mhadhiri lazima asaini kila karatasi kabla haijaenda manispaa. Alizipitia bila kusema kitu mpaka ya tisa. Hapo akakaa.

"Stoo kumi na mbili," akasema. "Kila moja ina dirisha. Rafu ya zege. Bomba la maji, tundu la kutolea maji machafu. Na hili ni bomba la nini?"

"La hewa," nikasema.

"Linapanda mpaka juu ya paa."

"Ndiyo, Mhadhiri."

"Wanahifadhi nini humu?"

Mimi nimemaliza maneno yangu yote mbele ya jopo, sina tena. Dodoso aliangalia viatu vyake. Injinia akasafisha koo.

"Inategemea," akasema.

Mhadhiri akavua miwani. Alikaa hivyo muda, anaifuta kwa ncha ya shati, na nilijua anaaga jambo alilolingoja miaka ishirini. Nilimhurumia, jambo ambalo sikulitegemea. Kisha akachukua penseli, akaandika pembeni ya bomba: *liongezwe sentimita thelathini, hewa ya stoo huwa nzito.* Akasaini ya tisa, akasaini na zilizobaki.

Jumamosi, 25 Mei

Jana orodha ilibandikwa kwenye ukuta wa nyumba, ina mhuri na saini mbili. Kaya kumi na mbili, majina yote kumi na mawili. Mama Cherehani ni wa saba. Bwana Orodha mwenyewe ndiye aliyeigonga misumari, na akaondoka na faili tupu.

Mimi leo nilipita kuwaonyesha tu karatasi za mwisho. Nilidhani ni kazi ya dakika kumi. Nilimfungulia Mama Cherehani karatasi ya tisa juu ya meza ya cherehani, nikamwonyesha stoo yake.

"Hapa pana mlango?"

"Pana mlango."

"Unafungwa kwa ndani?"

"Kwa ndani na kwa nje."

Nikaanza kuikunja karatasi. Akaishika.

"Hii rafu iko juu mno," akasema.

"Sentimita tisini, Mama. Ndiyo kawaida."

"Kawaida ya nani? Jiko la mkaa lina kimo chake. Sufuria lina kimo chake. Mimi nina kimo changu. Nitakoroga kwa ngazi?"

Namba nane alisikia, akaja. Akasema dirisha lake linatazama vyoo, hilo hapana. Mke wa kinyozi akasema milango ya stoo inagongana na milango ya mbele, kama ilivyogongana kwenye ule mchoro wa majiko madogo, na kwamba ameliona hilo tangu mwezi wa tatu. Mwezi wa tatu! Mwenyekiti akatoka na kandambili, akasema yeye binafsi lile jiko la pamoja hakulipenda hata siku moja, na alishangaa vijana waliosoma wanawezaje kuwaza jambo kama lile. Nilimtazama mpaka akaona haya, lakini hakuona sana. Saa nzima wamezungumza wote kwa pamoja, wananivuta mkono huku na huku, kila mtu na kidole chake kwenye karatasi yangu iliyokwisha kusainiwa. Nina malalamiko kurasa nne na siku sita za kuyarekebisha. Kichwa kinaniuma na sauti imenikauka.

Mama Cherehani alingoja wenzake wapungue. Akachukua futi kamba mkononi mwangu, akakanyaga mwanzo wake kwa kisigino, akaivuta juu pembeni ya mwili wake, akainama kidogo kama mtu anayekoroga, akabana kwa kidole gumba.

"Hapa," akasema. "Andika."

Nikaandika sitini na mbili. Kisha akahamia mlangoni na futi kamba.